Mwonjaji wa Kenyatta Market

Ukiingia Kenyatta Market kwa upande wa wachoma nyama, ukapenya moshi, ukawaponyoka wale vijana wanaokuvuta shati huku kila mmoja akiapa kwamba mbuzi wake ndiye aliyechinjwa asubuhi, utafika kwenye upenyo mwembamba kati ya bucha na saluni ya Caren. Hapo ndipo Zadock Amukowa alipoweka meza yake, na hakupachagua hivi hivi. Watu huingia sokoni wakiwa na njaa na hutoka wakiwa wameshika kifua. Katikati ya njia walimkuta mzee wa kofia ya sufu, birika lake juu ya jiko, akiwatazama kwa huruma ya mtu aliyejua mapema yatakayowapata.

Dawa yake ilikuwa moja tu, ya tumbo. Ilikuwa gome la mti wa kwao, upande wa Kakamega, lililokaushwa kivulini, likapondwa, likachemshwa mpaka maji yakawa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyosahaulika jikoni. Lilikuwa chungu, na nyuma ya uchungu lilikuwa na ukali wa pilipili uliopanda hadi puani. Mtu akiuliza jina la mti, Zadock alisema ni mti wa mama, kwa kuwa mamake ndiye aliyemwonyesha, na hakuna aliyepata jibu lingine.

Hakuzaliwa mganga wala hakujiita mganga. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa fundi wa cherehani Biashara Street, katika duka la Vasant, juu ya ngazi, kwenye chumba kilichonuka mafuta ya mashine na uvumba. Hiyo ilikuwa enzi ya akina mama kuleta cherehani za bibi zao zimefungwa kwa shuka, wakakaa kwenye kiti na kungoja, wakazungumza na fundi na kumuuliza habari za watoto. Cherehani ilirithiwa kama shamba. Siku hizi mashine inaletwa kutoka ng'ambo ikiwa nyepesi kama sahani ya plastiki, ikikwama inatupwa, na anayeitupa hajui hata jina la aliyemuuzia. Zadock aliona kazi yake ikififia mpaka ikazimika, lakini hakuja sokoni kulia. Alikuja na gome.

Mteja wake wa kwanza mjini alikuwa Vasant mwenyewe, mtu aliyependa achari ya maembe kupita kiasi na akalipia pendo hilo kila jioni. Vasant alikunywa, akatulia, na tangu siku hiyo akawaambia jamaa zake wote kwamba fundi wake anatengeneza matumbo vizuri kuliko anavyotengeneza cherehani. Binti yake, Prachi, wakati huo akifanya kazi za shule chini ya kaunta, aliyasikia hayo yote.

Sasa kuna jambo moja la kueleza juu ya Zadock, kwa kuwa bila hilo hakuna hadithi. Kwao, anayempa mtu dawa huinywa kwanza yeye. Haonji pembeni, wala haonji nyumbani kabla hajaja. Hunywa mbele ya mgonjwa, kutoka kikombe cha mgonjwa, na mgonjwa analiona koo la mtoaji likisogea. Ni kiapo kisicho na maneno: hiki ninachokupa kimeingia kwangu kabla hakijaingia kwako. Mamake alifanya hivyo, na mama yake mamake. Zadock naye alikuwa na kijiko cha bati alichokisuuza kwa maji ya moto, akachota kidogo kwenye kila kikombe, akameza, ndipo akakisukuma kikombe mbele. Wateja wa Kenyatta Market walizoea hivyo mpaka wakawa hawagusi kikombe kabla ya kijiko. Ukifikiria kwamba leo mtu ananunua vidonge kupitia dirisha la nondo, kwa kijana asiyeinua hata macho kutoka kwenye simu, utaona ni kitu gani kimetupotea. Lakini tuendelee.

Zadock aliishi Mountain View kwa mwanawe Isaiah, aliyefanya kazi katika ofisi ya bima katikati ya mji. Isaiah alikuwa mwana mwema. Alimnunulia babake viatu, alimpeleka kwa daktari wa macho, na aliiita ile dawa "ile chai yako." Zadock alikuwa amepita miaka sabini na alitaka kitu kimoja tu kabla hajafunga macho: mtu wa kumwachia mti. Wengine wa ukoo walishasahau, au walishakufa, au walishaokoka wakaiita dawa ushirikina. Alibaki Isaiah. Na Isaiah, kila alipogusiwa jambo hilo, alijibu kwa upole uleule wa ofisini.

"Baba, mimi siwezi kurithi kitu ambacho hakijathibitishwa. Kikipimwa kikaonekana kweli, tutaongea."

Kwa hiyo Prachi alipofika mezani siku moja, akiwa sasa mwanafunzi wa shahada ya pili ya mambo ya dawa katika chuo kimoja cha hapa mjini, akasema anataka kulipima lile gome ajue kama linatibu na kama ni salama, Zadock hakumuuliza mara mbili. Alimfungia mfuko mzima akampa.

Walianza na panya. Zadock alikwenda maabara kuwaona na akawakuta kwenye vizimba visafi kuliko vyumba vingi vya kupanga. Walikunywa dawa wiki kadhaa, hawakufa, wala maini yao hayakuharibika. Alifurahi, ingawa alimwambia Caren kwamba panya wa Nairobi amekula mabaya mengi na bado yu hai, hivyo ushahidi wake hauna uzito sana.

Kisha ikaja zamu ya watu. Prachi alipata chumba katika zahanati moja ndogo Woodley, ndani ya nyumba ya zamani ya baraza la jiji yenye ua wa miiba ya kayaba na veranda ya saruji nyekundu. Wagonjwa wa tumbo walijiandikisha, wengi wao wateja wa Zadock, na damu yao ikapimwa kabla, ipimwe tena baadaye, ili ini na figo zionekane. Wakaambiwa wasiguse birika la sokoni mpaka kazi iishe. Ndipo Prachi akamketisha mzee kumweleza mpango.

Nusu ya watu, alisema, watakunywa dawa. Nusu nyingine watakunywa maji yaliyotiwa rangi ya sukari iliyoungua na uchungu kidogo. Vikombe vina namba, na maana ya namba anaijua profesa wake peke yake. Mgonjwa hajui anakunywa nini, nesi hajui, Prachi mwenyewe hajui, na Zadock asijue. Ni hivyo tu ndivyo ukweli unavyoonekana.

"Na huyo wa maji, tumbo likimuuma?" Zadock aliuliza.

"Atangoja, Anko. Hali ikiwa mbaya tunamtoa, anapelekwa kwa daktari. Na mwisho wote wanapewa dawa."

"Kwa hiyo anakuja kwangu mgonjwa, namkaribisha, anakunywa rangi."

"Wewe utakaribisha watu tu. Vikombe ni vya nesi, Debra. Nipe mkono kwamba hutaingilia."

Zadock alimpa mkono. Alimpa kwa moyo safi, kama watu wengi wanavyotoa mkono kwa jambo ambalo bado halijawafika.

Asubuhi ya kwanza wagonjwa walikaa kwenye benchi la veranda. Debra, nesi mnene mwenye haraka, akatoka na trei ya vikombe, akagawa, akasimama kungoja. Hakuna aliyekunywa. Walivishika vikombe magotini wakamtazama Zadock, naye akatazama ua wa kayaba.

Caren ndiye aliyefungua kinywa. Mkono wake ulikuwa umebonyeza tumbo tangu alipoketi, lakini ulimi wake haukuwa mgonjwa.

"Zadock, mbona hauonji? Leo umeogopa dawa yako?"

Benchi likacheka. Mmoja akasema labda mzee ameokoka. Mwingine akasema akiona mpishi hali, yeye anabeba sahani yake kurudisha. Debra alieleza kwamba hii ni hospitali, si soko, na hakuna aliyemsikia. Prachi alikuwa chumba cha ndani akiwatoa watu damu. Foleni ilikuwa inafika kwenye lango. Mwishoni Debra akachoka, akakusanya vikombe vyote, akaviweka kwenye meza ya korido, akampa mzee kijiko.

"Onja basi, wanywe watu waende. Mimi nina kazi zingine."

Kikombe cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili, ulimi wa Zadock ulikaa ukingoja kitu ambacho hakikuja. Uchungu ulibisha hodi ukaondoka. Pilipili haikuwepo kabisa, na mwishoni ukabaki utamu wa sukari iliyoungua. Alijua. Hakutaka kujua, lakini ulimi hauna mlango wa kufunga. Kikombe hicho kilikuwa cha Caren. Alitoka nacho, akachota kijiko cha pili mbele yake, akameza, akampa. Caren akanywa yote, akajifuta mdomo na kusema, "Asante mzee, sasa nitalala."

Asante hiyo ilimfuata mpaka Mountain View. Haikumwacha ale.

Siku iliyofuata, sokoni, alimwona Caren kupitia mlango wa saluni ameinama juu ya kiti, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu, na mteja akiuliza kwa kioo kama nusu ya pili itasukwa leo ama kesho. "Hii dawa yenu ya Woodley mmeipunguza nguvu," Caren alimwambia alipoweza kunyooka. "Ile ya hapa ilikuwa inanishika." Akalitazama birika, akakumbuka sharti, akarudi kazini.

Siku ya zahanati ilipofika tena, Zadock alivaa koti lake kubwa ingawa jua lilikuwa kali. Ndani ya koti palikuwa na chupa.

Hakufanya kwa ujinga, wala si kwa ubaya. Alijiambia kwamba katika maisha yake hajawahi kumeza mbele ya mgonjwa kitu asichokiamini, na sasa uzeeni hataanza kuapa uongo kwa koo lake. Alijiambia pia kwamba Prachi anataka kuona watu wakipona, na wakipona wote, nani atabisha? Fundi akiletewa cherehani kumi na mbili na zote zikashona, hakuna mteja anayesema zingeshona sita tu ndiyo angeamini ufundi. Hivyo kwenye ile korido, wakati Debra akiita majina, alionja kila kikombe. Chenye dawa alikipitisha. Chenye maji alikimwaga nusu kwenye mkebe wa mshubiri uliokuwa dirishani, akakijaza kutoka kwenye chupa, akakoroga, akaonja tena, akaridhika. Debra aliona mzee akihangaika na vikombe na akashukuru kuwa kuna mtu anayemsaidia. Mchezo huo uliendelea mpaka mwisho wa kazi. Caren alinenepa. Benchi lote likawa linataniana kwa sauti, na mtu akitaka kujua kama dawa inafanya kazi angeisikia tangu barabarani.

Siku ya majibu Prachi aliwaita dukani kwa babake, Biashara Street, kwa kuwa hapo ndipo pazuri kwa wote. Vasant, ambaye sasa alikuwa mzee wa fimbo na redio, alitengeneza chai ya tangawizi kwa mkono wake. Isaiah alitoka ofisini saa ya chakula akaja na tai yake. Zadock aliketi kwenye kile kiti ambacho akina mama waliketi zamani kungojea cherehani zao. Hata yeye aliliona hilo, akajikuta anakaa wima kama mteja.

Prachi alianza na usalama. Damu za wote zilikuwa nzuri, ini na figo hazikuguswa. Isaiah akaitikia kwa kichwa. Zadock akanywa chai.

"Sasa kutibu. Waliokunywa dawa wamepata nafuu, karibu wote."

Zadock akaweka kikombe chini apate nafasi ya kutabasamu vizuri.

"Na waliokunywa maji nao wamepata nafuu," Prachi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mahali pengine kabla ya kuja. "Kiasi kilekile. Hakuna tofauti, Anko. Maana yake dawa haijashinda maji."

Tabasamu la Zadock lilibaki usoni kwa muda, kama taa ambayo mwenye nyumba amesahau kuizima. Halafu akaelewa alichokifanya. Wale waliopona kwa chupa yake ndio waliomshtaki. Kila kikombe alichokijaza kilikuwa kimesimama mbele yake kama shahidi, kikisema mti wa mamake si kitu.

Isaiah hakumcheka. Kama angecheka ingekuwa afadhali. Alisogeza kiti, akaweka mkono begani mwa babake, akasema kwa upendo kwamba si vibaya, watu walimwamini na imani yao ikawaponya, na hilo nalo ni jambo kubwa. Alisema hivyo kama mtu anayemwambia mtoto kwamba mchoro wake wa ng'ombe unafanana na ng'ombe.

Zadock alitazama ngazi. Angeweza kushuka, akarudi mezani kwake, na watu wangemwuliza na angejibu kwamba wasomi hawajui kitu, na soko lote lingemuunga mkono. Mti ungekufa, lakini yeye angebaki mtu wa neno lake. Au angefumbua kinywa, mti upate nafasi nyingine, na jina lake lianguke hapo sakafuni mbele ya mwanawe na mbele ya binti aliyempa mkono.

"Hakuna mtu aliyekunywa maji," alisema.

Prachi aliinua uso. "Unasema nini?"

Akaeleza yote: kijiko, korido, Caren, koti, chupa, hata ule mshubiri. Vasant alizima redio. Nje watu walikuwa wakibishania bei ya vitambaa.

"Vikombe vyote?"

"Isipokuwa siku ya kwanza."

Prachi hakupaza sauti. Alikusanya karatasi zake moja moja, akazifunga, akazifungua tena kana kwamba amesahau kwa nini alizifunga. "Nilikuomba kitu kimoja tu, Anko. Ulinipa mkono. Huo ni mwaka wangu mzima." Kisha akashuka ngazi, na babake hakumwita.

Zadock na mwanawe walitembea mpaka karibu na ofisi ya bima. Hapo Isaiah akasimama.

"Ungenyamaza, baba. Hakuna mtu angejua."

"Ningenyamaza ungeniona mwongo wa dawa. Sasa umeniona mwongo wa neno. Chagua wewe unayemtaka."

Isaiah alirekebisha tai yake iliyokuwa sawa tayari, akaingia kazini.

Zamani, mtu akimkosea mwenzake namna hiyo, angetanguliza mzee wa kumsemea, angekwenda na jogoo, wangekaa wakala, na kosa lingebaki kwenye mifupa ya yule jogoo. Leo watu wanatumiana alama za kulia kwenye simu na wanaona wamemaliza. Zadock angebeba jogoo, lakini alijua vizuri kwamba nyumbani kwa Vasant hawali nyama, hata yai haliingii. Akabeba mkungu wa ndizi mbivu kutoka Kangemi, akaupeleka begani mwake mwenyewe mpaka mlangoni kwao Parklands, na akakataa kuketi kabla hajasema kilichomleta.

Prachi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni pa jikoni. Akamwambia palipofika mambo. Profesa amefuta kazi yote ya Woodley. Amempa nafasi moja ya mwisho, arudie na watu wapya, wachache, kwa dawa iliyobaki, kwa sharti kwamba yule mzee asikanyage karibu na vikombe. Tatizo ni kwamba Debra amewapigia watu simu, na habari za Kenyatta Market zimesambaa, na kila mmoja anauliza kama mzee ataonja. Wakiambiwa hapana, wanasema asante, wanakata.

"Basi imekwisha," Prachi alisema.

Zadock alifikiri, mkungu bado uko begani. "Yale maji yako yalikuwa mabaya," alisema. "Mtu yeyote angeyatambua. Tengeneza maji ambayo mimi mwenyewe siwezi kuyatambua. Ukiweza kunidanganya mimi, hutakuwa na haja ya kunifukuza."

Prachi akamwambia aweke hizo ndizi chini, ataumia.

Profesa alikubali, kwa shaka, na kazi mpya ikaanza maabara. Msaidizi aliweka vikombe viwili nyuma ya pazia, Prachi akavileta bila kujua kipi ni kipi, Zadock akaonja na kunyosha kidole. Mara za kwanza alinyosha kidole kabla hajamaliza kumeza. "Hii ni chai ya hospitali." "Hii mmeosha sufuria mkasahau kumwaga." Prachi akaongeza uchungu wa namna nyingine, akatia pilipili kidogo isiyodhuru, akaacha sukari, akatafuta rangi mpya. Zadock akarudi, akaonja, akacheka, akanyosha kidole. Wiki zilipita. Binti alianza kuchukia hicho kidole. Mzee naye alirudi nyumbani kila jioni akiwa na furaha ya mshindi, na usiku akakumbuka kwamba kila anaposhinda, anashindwa.

Alasiri moja Isaiah alimleta kwa gari na, badala ya kungoja nje, akaingia akasimama karibu na mlango. Prachi akaweka vikombe. Zadock akaonja cha kushoto. Uchungu ukaja, pilipili ikapanda puani. Akaonja cha kulia. Uchungu ukaja, pilipili ikapanda puani. Akasukutua, akarudia. Akafumba macho, akamtafuta mamake kwenye ulimi wake, jinsi alivyomnywesha mtoto Zadock kutoka kwenye kata. Akampata kwenye kikombe cha kushoto. Akampata na kwenye cha kulia.

Kubahatisha kulikuwa rahisi. Angeweza kunyosha kidole chake popote na angekuwa na nusu ya nafasi ya kubaki bingwa. Wote wawili walikuwa wakimtazama.

"Sijui," alisema.

Walimrudisha mara nyingi, siku hiyo na iliyofuata, na akakosa kama alivyopata. Prachi alikaa kwenye stuli akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Njiani kuelekea Waiyaki Way Isaiah aliendesha polepole kuliko kawaida yake, kama mtu aliyebeba mayai. Hakuwa amewahi kumsikia babake akitamka neno "sijui".

Basi Woodley ikafunguliwa tena, na Zadock akaruhusiwa kukaa kwenye veranda na kijiko chake, koti likiwa limeachwa nyumbani na Debra akimpapasa mfuko kila asubuhi kwa utani ambao haukuwa utani. Watu walikuwa wapya. Mama mmoja wa Kangemi, Valarie, muuza mboga, alimtazama akimeza na bado hakuridhika.

"Hii ni dawa ama ni maji?"

"Mama, hata mimi sijui. Lakini nimekunywa kutoka kwa kikombe chako."

Valarie alipima jibu hilo, akasema hilo angalau ni la ukweli, akanywa.

Je, ni kiapo kilekile cha mama yake Zadock? Hapana, si kilekile. Yule mama alijua alichomeza, na mwanawe hakujua. Hicho kilichokuwepo hakirudi, na anayesema kinarudi anauza kitu. Lakini koo lilisogea, na mgonjwa aliliona, na katika mji huu wa madirisha ya nondo sijui ni wapi kwingine utaona hivyo.

Majibu yalikuja Prachi akiwa ametulia zaidi. Safari hii dawa ilishinda maji. Haikuyaacha mbali, iliyapita kwa kichwa tu, lakini iliyapita. Waliokuwa na kiungulia walipata nafuu kuliko wengine. Damu zilikuwa salama kwa muda ule mfupi uliopimwa. Ila baadhi, waliopewa vikombe vitatu kwa siku badala ya viwili, walipata kichefuchefu, na wachache wao wakatapika, kwa hiyo viwe viwili na visizidi. Wajawazito wasipewe, kwa kuwa kwao haijapimwa. Na watu walikuwa wachache mno, Prachi alisema, hivyo asitokee mtu wa kutangaza makubwa.

Zadock alikubali yote. Kukubali huko kulimgharimu, maana walaji wa nyama wa Kenyatta Market wana tabia ya kupima dawa kwa ukubwa wa kitambi. Mwenye kitambi kikubwa alizoea vikombe vitatu, na siku za sikukuu vinne. Alipoambiwa viwili tu, alikasirika, akasema mzee amegeuka chemisti. Baadhi walivuka kwenda kwa kijana mmoja upande wa pili aliyeuza kitu cha kijani kwenye chupa za soda, hakionjwi na mtu, kunywa mpaka ushibe. Caren aliwapigia kelele kutoka saluni kwamba wakitapika wasije kuomba maji kwake. Waliondoka vilevile.

Jumapili moja baada ya ibada, Mountain View, Isaiah alikuwa sebuleni na kazi nzima ya Prachi mapajani, iliyopigwa chapa na kufungwa vizuri. Alikuwa ameisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu. Babake alikuwa anasinzia kwenye kiti cha dirishani, au alijifanya anasinzia.

"Baba, hapa wanasema haijulikani ikichemshwa zaidi inakuwaje. Wewe huwa unachemsha mpaka lini?"

Zadock alifungua macho. Kwa miaka yote hiyo, katika nyumba hiyo, alikuwa ameulizwa kama dawa ina uchafu, kama ina kibali, kama itanuka kwenye mapazia. Swali hili halijawahi kuulizwa. Alikuwa na jibu refu, lenye rangi ya maji na harufu ya mvuke, na mahali pa kusimama ili moshi wa jiko usiharibu, na jinsi gome linavyozama lenyewe likiiva. Aliona akilianza hapo kwenye kochi atalimaliza vibaya.

"Jumamosi njoo sokoni mapema," alisema. "Usile kitu."

"Kwa nini nisile?"

"Kwa sababu wewe ndiye utakayeonja."

Isaiah alikifikiria kile kijiko cha bati, na foleni ya watu, na Caren na mdomo wake. Akafunga karatasi. Akauliza afike saa ngapi.